Pawatila ya Baba Neema: kwa wakala au mtandaoni?

*Ndugu mshauri, mimi ni mzaliwa wa Fizi, Kivu Kusini. Nimekulia kambini Nyarugusu, na sasa naishi Louisville, Kentucky, na mke wangu na watoto. Tulianza na kipande kidogo kwenye bustani ya jamii, na mwaka jana tukakodi ekari tatu nje ya mji. Tunapanda lengalenga, matembele, mahindi meupe, bilinganya na pilipili, tunauza kwenye maduka ya Waafrika na sokoni Jumamosi. Jembe limeanza kunishinda, mgongo unauma. Nataka pawatila.*

*Nilikwenda kwa wakala, mzee mmoja mwenye duka lake nusu saa kutoka shambani. Alinipokea vizuri, akaiwasha mashine, akaniachia nilime nayo ukanda mzima nyuma ya duka. Bei yake ni dola 3,620, pamoja na kuniletea shambani. Usiku nikatafuta mtandaoni, nikaikuta mashine ileile kwa dola 3,150, na dola 240 za kuisafirisha kutoka jimbo jingine. Rafiki yangu anasema ukinunua nje ya jimbo hulipi kodi, kwa hiyo faida inazidi. Nilipomrudia mzee na kumweleza, alikasirika. Akasema watu wa mtandaoni hawatozi kodi, ndiyo maana wanaua maduka, na kwamba nimemfanya yeye mahali pa kujaribia bidhaa za wengine.*

*Maneno yale yameniuma. Mimi si mtu wa kudhulumu. Je, ni kweli mtandaoni hakuna kodi? Ninunue wapi? Mpwa wangu naye anataka kuitumia kulimia watu bustani za nyumbani kwa malipo, kuna ubaya? Na shemeji yangu wa Kasulu, Tanzania, ameomba nimtumie moja kama hiyo. Nifanyeje?*

*Baba Neema, Louisville*

Baba Neema, pole na mgongo, na hongera kwa ekari tatu. Nianze na kodi, maana ndiyo iliyowagombanisha na ndiyo inayosemwa vibaya kuliko yote.

Malalamiko ya yule mzee yalikuwa ya kweli kwa nusu karne. Mwaka 1967, katika kesi ya Bellas Hess, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji wa mbali kukusanya kodi ya mauzo kama hana duka, ghala wala mfanyakazi ndani ya jimbo hilo. Siku hizo biashara ya mbali ilikuwa ya katalogi na posta. Mwaka 1992, katika kesi ya Quill dhidi ya North Dakota, mahakama ikashikilia msimamo uleule. Kisha ikaja intaneti, na kilichokuwa kichochoro kikawa barabara kuu ya biashara.

Tazama ilivyomgusa mtu mwenye duka kijijini. Kodi ya mauzo ya Kentucky ni asilimia 6. Mteja wa mjini akija kununua mashine ya kukatia majani ya dola 3,620, mzee alilazimika kumwongezea dola 217.20 na kuzipeleka serikalini Frankfort. Muuzaji wa mbali hakuongeza chochote. Si kwamba kodi haikuwepo: mnunuzi mwenyewe alitakiwa aitangaze na kuilipa kama kodi ya matumizi, kwa asilimia ileile, kwenye marejesho yake ya kodi ya mwaka. Wachache sana walifanya hivyo. Mwenye duka, anayeajiri vijana wa palepale na kulipia jengo lililo palepale, akawa nyuma kwa asilimia 6 kabla hata mteja hajafungua mlango. Hiyo ilikuwa dhuluma, na wenye maduka walikuwa na haki ya kupiga kelele.

Bungeni ilijaribiwa kurekebishwa. Mwaka 2013 Seneti ilipitisha muswada wa kuwabana wauzaji wa mbali kwa kura 69 dhidi ya 27, lakini Baraza la Wawakilishi halikuupitisha. South Dakota ndiyo iliyolivalia njuga jambo hili. Jimbo hilo halitozi watu kodi ya mapato, kwa hiyo linategemea sana kodi ya mauzo. Mwaka 2016 likatunga sheria huku likijua wazi kwamba litafikishwa mahakamani, na tarehe 21 Juni 2018, katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, likashinda kwa kura 5 dhidi ya 4. Hukumu iliandikwa na Jaji Anthony Kennedy. Tangu siku hiyo si lazima tena muuzaji awe na jengo jimboni ndipo atozeshwe. Sheria ya South Dakota iliwahusu wauzaji wa nje wenye mauzo ya zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka ndani ya jimbo, au miamala 200 na kuendelea, na majimbo mengine yakafuata njia hiyo. Kentucky ilianza Oktoba 2018. Julai 2019 ikayaingiza pia masoko makubwa ya mtandaoni yanayouza bidhaa za wafanyabiashara wengine.

Kwa hiyo rafiki yako anakupa habari ya zamani, na mzee naye bado anauguza kidonda cha zamani. Simu ilikuonyesha 3,150 kwa sababu kodi huongezwa mwishoni, ukishaandika anwani ya kupelekewa mzigo. Kentucky hutoza kodi hata kwenye gharama ya usafirishaji, kwa hiyo zile 3,390 za mtandaoni, bei pamoja na usafiri, zingezaa kodi ya dola 203.40. Kwa mzee ni 217.20. Tofauti ya kodi kati yao haifiki dola 14. Na hata ukimpata muuzaji mdogo wa mbali ambaye sheria haimlazimishi kukutoza, deni linahamia kwako wewe, kwenye marejesho yako. Halifutiki.

Lakini nyote watatu mmelisahau jambo kubwa kuliko hayo: wewe ni mkulima. Kentucky, kama majimbo mengi ya Marekani, haitozi kodi ya mauzo kwenye mashine za shamba zinazotumika moja kwa moja, na kwa kazi hiyo pekee, katika kilimo cha biashara. Msamaha huo unagusa hata vifaa vya kufungia kwenye mashine na vipuri vyake. Ulikuwepo zamani, kabla ya kesi ya Wayfair, na upo leo, dukani na mtandaoni. Maana yake, katika mauzo haya hasa, asilimia 6 za mzee hazimhusu mtu yeyote. Kilichomuumiza miaka yote ni wateja wake wengine, wenye nyasi za nyumbani na misumeno ya kukatia kuni, ambao ndio wanaolipia kodi ya pango miezi ya baridi.

Msamaha huo haukufuati wenyewe. Tangu Januari 2022 mkulima wa Kentucky lazima awe na namba ya msamaha wa kilimo inayotolewa na Idara ya Mapato ya jimbo. Unajaza fomu ya maombi na kuambatanisha ushahidi kwamba unalima kibiashara. Ushahidi uliozoeleka ni ukurasa wa mapato ya shamba katika marejesho ya kodi ya serikali kuu, ule uitwao Schedule F. Kama mpaka sasa mauzo ya lengalenga yameishia mfukoni bila kuandikwa, nunua daftari wiki hii. Andika kila fungu lililouzwa, kila pakiti ya mbegu, kila dola ya kukodi ardhi, kisha umpelekee mtu anayeandaa marejesho yako na umwambie wazi kwamba una shamba. Kukodi ardhi hakukuondolei haki. Ukulima wako unatokana na kulima na kuuza. Ukipata namba, unajaza cheti cha msamaha na kumpa muuzaji *kabla* hajakutoza. Kudai kurudishiwa hela baadaye ni safari ndefu.

Hapa ndipo linapokuja suala la mpwa wako. Sheria inasema mashine itumike kwa kilimo cha biashara pekee. Kulimia watu bustani za nyuma ya nyumba kwa malipo ni kazi halali na ya heshima, lakini ni kazi nyingine. Ukisaini cheti kwamba pawatila ni ya shamba tu, halafu Jumapili inazunguka mitaani, umesaini uongo. Mwambie asubiri. Akitaka sana, pigeni simu Idara ya Mapato muulize kabla ya kununua, na kama jibu ni kulipa kodi, lipeni. Dola mia mbili na kidogo zinapatikana kwa siku chache za kazi hiyohiyo. Tuliokuja nchi hii na karatasi za ukimbizi tunajua thamani ya karatasi safi.

Sasa kodi imeshuka mezani, na kilichobaki ni hiki: 3,620 kwa 3,390. Ni dola 230. Swali lako halisi ni kama huduma ya yule mzee ina thamani ya dola 230. Kwa mtu anayenunua pawatila yake ya kwanza, mimi nasema inayo, na zaidi.

Fikiria mzigo wa mtandaoni unavyofika. Lori linasimama barabarani, dereva anashusha kreti la mbao, na mara nyingi kazi yake inaishia hapo ukingoni mwa barabara. Kulivusha hadi bandani ni juu yako. Anakupa karatasi usaini. Ukisaini bila kufungua na kukagua, ukaja kukuta mkono wa usukani umepinda au kifuniko cha giaboksi kina ufa, wewe ndiye utakayepewa kazi ya kuthibitisha kwamba si wewe uliyeharibu. (Ukinunua mtandaoni hata hivyo, usione haya kumsimamisha dereva: zunguka kreti, piga picha, na kila ubovu uandikwe kwenye karatasi hiyo kabla ya saini.) Ndani unakuta mashine vipandevipande na kitabu cha maelezo. Halafu kuna hili, ambalo limeua mashine nyingi mpya: injini nyingi ndogo husafirishwa zikiwa hazina oili. Mtu mwenye hamu anatia petroli, anavuta kamba, injini inanguruma vizuri kwa muda mfupi, kisha inakamata. Pistoni imekwama ndani ya silinda, na hakuna waranti inayolipia hilo.

Wakala anayejua kazi yake huimaliza hiyo yote kabla hujaiona mashine. Anaifunga, anatia oili ya injini na ya giaboksi, anarekebisha kebo ya klachi, anaiwasha na kuisikiliza. Anakuonyesha pini ya usalama iliyotengenezwa ikatike yenyewe tila ikigonga jiwe, ili giaboksi isivunjike, na anakupa pini kadhaa za akiba. Anakuambia usiache petroli ya vituoni, ile yenye ethanoli, ilale ndani ya tangi miezi yote ya baridi, maana huganda na kuacha utando unaoziba kabureta, na pawatila isiyowaka mwanzo wa masika mara nyingi ugonjwa wake ni huo.

Na hapo kwenye masika ndipo zile dola 230 zinapojilipa. Unajua mwenyewe watu wa Kentucky wanavyongoja wiki ya mbio za farasi za Derby, Jumamosi ya kwanza ya Mei, ndipo watie ardhini mboga zisizovumilia baridi. Kila mtu analima kwa wakati mmoja, na kila mashine iliyolala miezi mitano inaharibika kwa wakati mmoja. Wiki mbili za kungoja kebo kutoka jimbo jingine katikati ya Mei ni matembele yaliyochelewa na wateja wa sokoni waliokwishazoea meza ya mwingine. Mzee mwenye kebo hiyo kabatini, umbali wa nusu saa, anakuuzia muda.

Hata hivyo sitaki umlipe kwa sababu tu ana duka na mvi. Duka linaweza kuwa na bango kubwa na lisiwe na fundi hata mmoja. Rudi kwake umuulize maswali ya mnunuzi: ni nani hasa anayetengeneza mashine hizi, na yuko dukani siku zipi? Vipuri gani viko rafuni leo? Mwombe akuonyeshe visu vya tila, kebo ya klachi na chujio la hewa vya modeli hiyohiyo, kwa macho yako. Mashine ikiletwa Mei hukaa siku ngapi? Anakuja kuichukua shambani, na kwa bei gani? Uliza pia habari ya waranti, maana mara nyingi huwa mbili: injini ina ya kampuni iliyotengeneza injini, na sehemu nyingine zina ya kampuni ya mashine. Fundi aliyeidhinishwa na kampuni ya injini anaweza kuihudumia injini hiyo popote uliponunua. Wauzaji wengi, wa dukani na wa mtandaoni, hawakuelezi hilo wakati wa kuuza.

Kumtegemea wakala nako kuna hatari yake, na wakulima wa Marekani wameionja. Katika matrekta makubwa yenye kompyuta, mkulima amejikuta hawezi kutengeneza mashine aliyoinunua kwa jasho lake bila programu iliyo mikononi mwa kampuni na mawakala wake. Ndiyo maana Colorado ilipitisha mwaka 2023 sheria ya haki ya mkulima kutengeneza mashine yake, na Januari 2025 tume ya serikali kuu inayosimamia ushindani wa biashara, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, ikaishtaki kampuni ya Deere kwa madai hayohayo. Pawatila yako haina kompyuta, ina bolti na nyaya. Siku utakaponunua trekta kubwa, na naamini itafika, uliza mapema ni nani anayeruhusiwa kuifungua.

Sasa lile neno lililokuuma. Kuulizia bei sehemu mbili si dhambi. Ni akili ya mtu mwenye familia. Kinachokuwa dhuluma ni kumchukulia mtu saa nzima, petroli yake na ujuzi wake wa miaka mingi, huku moyoni umeshaamua hela zitakwenda kwa mwingine. Wewe hukufanya hivyo, ulimrudia ukamweleza usoni. Mzee alikukasirikia wewe kwa makosa ya watu wengine mia, na nadhani ukirudi kwa heshima atakusikiliza.

Rudi asubuhi, siku isiyo na wateja wengi. Mweleze kwamba una maombi ya namba ya msamaha, kwamba hukuja kukwepa kodi, na kwamba unapenda kununua kwake kama mtaelewana. Weka ile 3,390 mezani kama ilivyo. Usimbane ashuke hadi huko. Faida ya mwenye duka kwenye mashine moja si kubwa kama tunavyodhani. Mwombe badala yake aongeze vitu ndani ya 3,620: kubadilisha oili mara ya kwanza baada ya saa za mwanzo za kazi, seti ya visu vya akiba, na ahadi iliyoandikwa kwenye risiti kwamba mashine iliyonunuliwa kwake inatangulia foleni ya Aprili na Mei. Ahadi hiyo ya mwisho haimgharimu dola hata moja, na kwako ina thamani kuliko punguzo.

Akikataa yote na kuendelea kufoka, mwage kwa amani, ukatafute wakala mwingine kabla hujakimbilia mtandaoni. Mtandaoni nunua vitu visivyohitaji fundi: mipira ya matone, vitambaa vya kufunika miche, majembe, vikapu vya kuvunia. Na ukikutana na tangazo la pawatila hiyohiyo kwa dola 1,400, muuzaji anayesema amehama na anataka hela zitumwe benki kabla ya kuiona, funga ukurasa. Matapeli huiba picha za mashine za watu na kufungua maduka hewa. Kama ni mashine iliyotumika na muuzaji ni mtu halisi, nenda ukaisikilize ikiwaka ikiwa baridi, soma namba yake kwenye kibao cha chuma, na uangalie katika ofisi ya Katibu wa Jimbo kama haijawekwa rehani ya mkopo, kwa sababu mkopeshaji anaweza kuja kuichukua mikononi mwako.

Kuhusu shemeji yako wa Kasulu, usimtumie mashine, mtumie hela. Pawatila ya petroli kutoka Marekani ikifika huko itakuwa yatima: kebo moja ikikatika, atakungoja wewe miezi. Huko mafundi wamezoea injini za dizeli za Kichina zenye silinda moja, wanazifungua na kuzifunga kila siku, na vipuri vyake vinauzwa madukani. Kabla hajalipa popote, aende kwa fundi anayemwamini hapo mjini amuulize ni aina gani anayoitengeneza mara kwa mara na vipuri vyake anavitoa wapi, kisha anunue hiyo hata kama si ya bei ya chini kabisa. Adai risiti ya kielektroniki (EFD) yenye jina lake na namba ya injini. Tanzania nako sheria inamtaka mnunuzi adai risiti, na siku giaboksi itakapogoma ndani ya miezi ya waranti, karatasi hiyo ndiyo itakayomrudisha dukani akiwa na la kusema.